Koti la Mzee Nikodemu

Mwananyamala,
Jumapili, 3 Machi 2024

Mpendwa Mjomba Leodegar,

Shikamoo. Kabla sijaandika neno lingine naapa kwamba nitakueleza kila kitu kama kilivyo, kizuri na kibaya, bila kupunguza. Kaka Faraji ametuambia kwamba hapo kwenye nyumba ya soba mnakaa bila simu mpaka muwe mmeachana kabisa na unga, na kwamba habari za nyumbani mtazipata kwa barua tu, ambazo yeye atazibeba akija huku kuwanunulia mboga. Bunju si mbali, lakini kwa vile haturuhusiwi kuja, naona kama uko nchi nyingine.

Sisi hatujambo. Mama anakusalimu. Bado anakaanga maandazi kila alfajiri na mguu wake umepona. Mimi nimekuwa wa nne darasani, Fizikia ndiyo iliyoniangusha. Shuleni nikisema mjomba wangu ana miaka ishirini na tatu wananicheka, wanadhani mjomba lazima awe na kitambi. Paka wa Mama Filomena amezaa ndani ya kabati letu, juu ya sahani za wageni, na Mama amekataa kuwahamisha watoto mpaka wafumbue macho.

Mzee Nikodemu haendelei vizuri. Tangu akupeleke huko mwenyewe kwa bajaji siku ile ya mvua, kifua kimezidi kumbana. Jana nilimpelekea uji, akaniuliza, "Yule Mngoni mla panya hajatoroka bado?" Nikamwambia hujatoroka. Akasema, "Mwambie asinichezee. Nikifa bila mtani, hawa Wahehe wenzangu watanizika kwa adabu kama padri. Nani atanisema?" Mama Filomena akamwambia anyamaze anywe uji. Akanigeukia, "Umeona? Hata mke wangu hajui kunitukana vizuri. Nahitaji mtu wa kazi."

Mwandishi wa gazeti la Chungulia amekuja tena. Alitaka picha yako ya sasa, "akiwa amekonda". Alisema wasomaji wana hamu ya kujua yule mtoto Yatima wa kwenye filamu, aliyeiliza nchi nzima, ameishia wapi. Mama alimmwagia maji ya vyombo miguuni, kisha akamwambia, "Samahani baba, sikukuona."

Je, unakula? Unapata usingizi?

Mpwa wako,
Tekla


Bunju,
12 Machi 2024

Tekla mpwa wangu,

Marahaba. Mie mzima. Wiki za mwanzo sikuwa mzima, mifupa ilikuwa inauma kama mtu anaikamua maji, lakini hiyo imepita. Siku hizi nakula ugali wa watu wawili na bado naangalia sahani ya jirani. Msalimie mama yako, Dada Monica. Hata kama hajasema kitu, wewe msalimie.

Humu tunaamka, tunafagia, tunakaa duara, kila mtu anataja jina lake na siku alizokaa bila kitu. Siku ya kwanza nikasema naitwa Leodegar. Jamaa mmoja akaruka, "Acha zako, wewe si Yatima? Hebu tulilie kidogo, braza." Wakacheka wote, na mie nikacheka. Lakini sikulia, Tekla. Siwezi tena. Nililia kwenye filamu tangu nina miaka saba mpaka sauti ikavunjika, na sauti ilipovunjika wakanishusha garini pale Kinondoni kama abiria aliyemaliza nauli.

Mwambie huyo Mhehe mla mbwa asiharakishe. Nilipokuwaga nimelala nyuma ya stendi na watu wanapanga foleni kupiga picha na "Yatima", yeye ndiye aliyewatawanya kwa fimbo. Hakunihubiria. Alisema tu, "Mngoni, unanuka. Twende." Mwambie akifa mie ndiye nitakayevaa koti lake la reli. Nitakohoa kama yeye, nitalala mlangoni mwa kaburi lake, na sitoki mpaka wanikomboe kwa jogoo. Nimeshaongea na msimamizi. Amesema kwa msiba wa mtani ataniruhusu siku moja.

Watu wa Chungulia msiwajibu kitu. Picha zangu wanazo zote. Ile nimebebwa mabegani uwanjani nikiwa mtoto, na zile za stendi. Wanaziwekaga pamoja, moja kushoto moja kulia.

Mjomba wako,
Leodegar


Mwananyamala,
Jumapili ya Pasaka, 31 Machi 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Mama anakusalimu. Tumekula wali na kuku, na watoto wa paka wamefumbua macho, wote wanne wakorofi.

Siku ile ya kumzika Mzee Nikodemu uliondoka makaburini na gari la soba kabla hatujakuaga, kwa hiyo nitakueleza ulivyoonekana kutoka upande wetu wanawake. Jeneza lilipofika watu walikuwa wamenyamaza kwa adabu, hasa kama Mzee alivyoogopa. Ndipo tukasikia kikohozi chake. Mama Filomena alinishika mkono kwa nguvu. Ulitokea nyuma ya mwarobaini na koti lake la kaki la reli, lile lenye kifungo kimoja cha bluu, unachechemea mguu wake ule ule, unasema kwa sauti yake, "Nyie Wahehe, kaburi gani fupi hili? Mnamzika mtu au mnaficha mbwa wa kesho?" Watu walicheka mpaka padri akageuka pembeni. Mama Filomena alicheka huku kamasi zinamtoka.

Kisha ukalala kwenye mdomo wa kaburi ukasema huyu hazikwi, kwa sababu ana deni lako la matusi ya miaka sita. Wakakuvuta, ukang'ang'ania. Wakaleta jogoo, wakamweka kifuani kwako, na hapo ndipo mtani huinuka, humchukua jogoo wake na watu huzika. Wewe hukuinuka. Jogoo alisimama juu yako na wewe ulikuwa unalia, Mjomba, mdomo wazi, bila sauti. Wanaume wakaanza kunong'ona. Mama Filomena akasema, "Mwacheni. Amalize."

Nimeapa kukuambia na mabaya. Watu wengi waliinua simu, hatujui ni nani aliyeuza. Ijumaa Chungulia limetoka na picha yako ukurasa wa mbele, umelala kwenye udongo, macho mekundu: YATIMA ARUDIA UNGA, AVAMIA MSIBA, ALALA KABURINI. Ndani wameandika kwamba shuhuda alikusikia ukiwaomba wafiwa kuku. Kuku, Mjomba. Aliyeandika ana jina kama letu. Haiwezekani kwamba kwao hakuna aliyewahi kuzikwa na watani.

Mama aliwashia jiko gazeti lile. Lakini lipo pia kwenye simu za watu, na simu haiwashiwi jiko.

Jambo la mwisho. Ndugu wa Iringa wanauliza tarehe ya kuanua tanga. Mama Filomena amewaambia wasubiri, kwa sababu uliondoka na koti. Mtani aliyelivaa ndiye anayepaswa kuja nalo, alivue mlangoni na kumkabidhi mjane mkononi, ndipo mkeka wa msiba ukunjwe. Je, koti liko salama?

Mpwa wako,
Tekla


Bunju,
14 Aprili 2024

Tekla,

Marahaba. Wasalimie wote.

Gazeti lilifika humu kabla ya barua yako. Limebandikwa chooni. Jamaa wananiuliza jogoo alikuwa mtamu. Msimamizi ni mtu mzuri, lakini akasema, mdogo wangu, sheria ni sheria, kojoa. Nikakojoa kwenye kikopo yeye amesimama mlangoni. Safi. Nikamwambia awapelekee Chungulia. Akasema, "Hawachapi mkojo safi."

Sasa nikuambie kitu, na usimsomee mama yako.

Filamu ya kwanza walinipaka kitunguu machoni. Yakawa mekundu tu, chozi hakuna. Mwongozaji wetu, Braza Sebastian, akaniita pembeni akaninong'oneza, "Dogo, pole. Wamepiga simu kutoka Peramiho. Mama yako amefariki." Nikalia mpaka mpiga kamera akalia. Walipokata, Sebastian akanikumbatia. "Nilikuwa nakutania, mama yako mzima. Umeua, dogo." Nikapewa soda. Tangu hapo ikawa ndiyo kazi. Kila filamu mama yangu alikufa, na kila mara nililia, maana kila mara niliwaza, je kama safari hii ni kweli?

Nilipofika miaka kumi na nne nikawa siamini tena. Siku moja Sebastian akaja na simu mkononi, uso umemshuka, akasema mama amefariki. Nilicheka, Tekla. Nilicheka sana. Nikamwambia hiyo tumeizoea, leta nyingine. Akaninyooshea simu, na mie bado nacheka. Dada Monica ndiye alikuwa upande wa pili. Akakata. Nilipokuja kuamini, Bibi yako alishazikwa.

Kwa hiyo pale makaburini hakuna aliyeniambia nilie. Ilikuja yenyewe. Ndiyo mara ya kwanza. Na hiyo ndiyo wameiandika kuwa ni unga.

Watu wanakuja getini kuchungulia. Jana mmoja alimleta mtoto wake anione. Nimechoka. Mtu akijisafisha bado anaitwa mchafu, sasa anajisafishia nini?

Leodegar


Mwananyamala,
Jumapili, 5 Mei 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Sisi ni wazima. Mama anakusalimu. Mvua imeingia jikoni na tunapikia varandani.

Barua hii ni ya pili. Ile ya kwanza Kaka Faraji aliirudisha kama nilivyoifunga. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa, akasema, "Tekla, mjomba wako ameruka ukuta." Nikauliza lini. Akasema siku nyingi sasa. Nikauliza kama ulikuwa umevaa kitu chochote, yaani koti. Akaniangalia, akasema hajui. Amesema uko Temeke, upande wa Tandika, na kwamba yeye huenda huko kuwatafuta wale wanaotoroka, kwa sababu na yeye alitafutwa hivyo hivyo. Kwa hiyo naamini barua itakufika.

Kuna siku niliona ukurasa ule wa Chungulia umebandikwa kwenye dawati langu. Wameichorea picha yako pembe. Nilikaa pale pale nikafanya Hesabu, na Mwalimu Lusungu alipopita akaibandua bila kuuliza, akaiweka mfukoni mwake. Baadaye alinisimamisha mlangoni akasema, "Kwetu Njombe mtani asipolala kaburini, tunasema marehemu hakupendwa." Sikuwa nimemweleza kitu.

Kuhusu barua yako, sikumsomea Mama, kama ulivyoagiza. Niliiacha mezani chini ya sahani nikaenda kuteka maji, na siku hiyo foleni ya maji ilikuwa ndefu. Niliporudi unga wa maandazi ulikuwa umeumuka mpaka umemwagika nje ya beseni, na Mama amekaa anauangalia. Usiku hakula.

Mama Filomena ananiuliza kila siku nikipita. Ndugu wa Iringa wamekasirika. Mkeka bado umetandikwa sebuleni, na yeye analala juu yake kama siku ile ya kwanza. Hujanijibu kuhusu koti. Nakuomba unijibu, hata kama jibu ni baya.

Mpwa wako,
Tekla


Temeke,
Mei, tarehe siijui

Tekla,

Faraji amekaa hapa anasema hatoki mpaka niandike, ndiyo maana naandika.

Sasa gazeti limesema kweli. Walinitangulia tu. Msinitafute. Mwambie Mama Filomena aanue tanga, mtani mwingine atapatikana, Wangoni tumejaa mji huu. Mie sina uso wa kusimama mlangoni kwake.

Usiniulize tena unayoniuliza. Soma Fizikia. Usiandike.

L.


Mwananyamala,
Jumapili, 26 Mei 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Umesema nisiandike. Mimi niliapa kabla hujasema, kwa hiyo kiapo kinatangulia.

Mama anakusalimu. Safari hii ni kweli. Zile salamu nyingine niliziandika mwenyewe, kwa sababu naona barua isiyo na salamu ya nyumbani ni kama mtu aliyeingia bila kubisha hodi. Lakini hii ameitoa yeye, na nitakuambia alivyosema, ila nianze na koti.

Kaka Faraji aliliona Tandika, kwenye meza ya mitumba. Alilitambua kwa kifungo cha bluu, maana siku ya msiba alikuwa dereva wenu. Alinieleza mimi peke yangu. Nililala nalo moyoni siku mbili, kisha nikamwambia Mama Filomena, kwa sababu sikuweza tena kupita mlangoni kwake nikisema sijui.

Akauliza, "Ameliuza?"

"Ndiyo, Mama."

"Koti la marehemu. La msiba."

"Ndiyo, Mama."

Akainuka, akajifunga kanga, akachukua viatu vya Mzee, vile vyeusi vya kanisani, akaniambia twende. Njia nzima nilijua kwamba tukifika atakuita mwizi mbele za watu, na nilikuwa napanga maneno ya kukutetea, na sikupata hata moja.

Muuzaji alikuwa kijana mpole. Mama Filomena akashika koti, akanusa kola, akaweka viatu juu ya meza. "Tubadilishane."

Kijana akavigeuza, akauliza, "Mama, hivi viatu ni vya nani?"

"Vya mume wangu. Nilimzika Machi."

Akavirudisha kama vimemuunguza. "Hapana mama yangu, mie vitu vya marehemu siuzi."

"Na hilo koti ulidhani la nani, baba?"

Kijana alilitoa upesi hata akalikunja vizuri, na viatu akatusihi tuondoke navyo.

Tulipofika pembeni Mama Filomena alikaa juu ya robota la mitumba akaanza kucheka. Alicheka mpaka akalia, na mimi nikaogopa. Kisha akaniambia maneno haya, nami nayaandika kama alivyosema, kwa sababu ni ya kwako: "Mtani haibi, Tekla. Akichukua msibani amechukua, chake. Sisi wenye msiba kazi yetu ni kukomboa. Baba mkwe wangu alipokufa kule Kalenga, mtani alichukua mlango. Mlango mzima, na bawaba zake. Tulilala na mbuzi wanaingia ndani. Huyu Mngoni kachukua koti tu, na bado anajificha? Ana adabu kuliko alivyodhani Nikodemu."

Nikamuuliza kama ataita mtani mwingine. Akasema aliyelivaa ni mmoja. Hawezi kulipokea kutoka mkono mwingine, na hawezi kuukunja mkeka kabla hajalipokea. Amesema pia jogoo wako yupo, hatukumchinja. Anawika hovyo saa zote, na amempiga paka.

Sasa Mama. Alikuwa anakaanga, amenipa mgongo. Akasema, "Siku ile nilisikia kicheko nikakata simu. Mwambie mjomba wako sikujua kwamba walikuwa wakimdanganya. Ningejua ningekwenda kumchukua kwa miguu." Kisha maandazi yakaungua yote, na hakuna aliyeyageuza.

Nimeapa kusema yote, kwa hiyo nasema na hili. Kaka Faraji amenieleza ulivyo. Amesema huli, na kwamba juzi alipofika alikuta mtu amefunikwa kanga uso mzima kwenye kile kibaraza, akadhani ni wewe. Marehemu alikuwa mwenzako. Ulikuwa umekaa kando yake. Mjomba, mimi tangu nisikie hayo kila ninapofungua daftari naona kanga ile.

Kitanda chako Bunju bado kiko wazi. Msimamizi amekikatalia mtu mmoja na amesema hatakikatalia wa pili. Siwezi kukuahidi kwamba Chungulia hawatakuja siku ya tanga. Watakuja, na watapiga picha, na wataandika wanavyotaka. Mama amesema anaandaa beseni la maji ya vyombo. Mwalimu Lusungu amesema atakuja, na kwao wanajua kutukana. Koti tumelifua na kulianika. Kifungo cha bluu kilikuwa kinalegea, nimekikaza kwa uzi mweusi kwa sababu wa bluu sikuupata.

Sikuombi barua ndefu. Kaka Faraji amekubali kukaa na wewe hapo hapo mpaka ujibu, na ukisema neno ataita bajaji, mtapita kwanza Bunju, na mlangoni kwa Mama Filomena utakuja siku hiyo utakayoitaja, ukiwa umetulia au hujatulia. Mtani hachaguliwi kwa afya yake. Mama Filomena sasa hivi amekaa mkekani na koti magotini, ananiangalia ninavyoandika, na ameniambia nisifunge bahasha kabla sijauliza. Basi nauliza, mimi mpwa wako Tekla, na jibu nalitaka kwa mkono wa Faraji kabla hajaondoka hapo: tanga tuanue siku gani?